Kuinuka Mara ya Tatu

Jumanne, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka, yale ya kuudhi ambayo hayatoshi kuitwa mvua wala hayamwachi mtu mkavu. Yalipenya kwenye matundu ya ukuta wa ngazi, yakalowesha vidato vyote kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na Mama Pasi, aliyekuwa akishuka kwa makalio, alilowa gauni tangu kidato cha kwanza.

Alikuwa na namna yake ya kushuka. Anakaa, anatanguliza mguu wa kulia, anauvuta wa kushoto kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha kitu kisicho chake, kisha anajisukuma. Anapumzika. Anaanza tena. Binti yake alikuwa mbele yake, akirudi kinyumenyume, mikono yote miwili hewani, tayari kumdaka.

"Polepole, Mama."

"Hii ndiyo polepole yangu. Nyingine sina."

Walipofika pale ngazi zinapokunja kona ya mwisho, jirani wa chini akatoka chumbani kwake na kiti cha mbao. Jengo zima lilimwita Fundi Redio, ingawa redio zenyewe hazikuletwa tena, na siku hizi alikuwa akitengeneza simu na feni. Alimkalisha Mama Pasi kitini, akamwita kijana aliyekuwa akipita, wakambeba.

"Tupisheni, malkia anashuka," Fundi Redio akawaambia wanawake waliokuwa bombani. "Na msimcheke, leo anaenda kufanya mtihani."

Mama Pasi alicheka yeye mwenyewe. Hakuwa ameliona lile bomba tangu mvua za mwaka uliopita. Aliona wamelibadilisha kichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Chumba cha chini, kile cha karibu na geti, kilikuwa kimebaki wazi. Shirika lililomiliki majengo yale lilitangaza kwamba kitapewa mzee mwenye miguu dhaifu kuliko wote, na kwamba safari hii hakutakuwa na kujuana. Miguu itapimwa kwa mashine. Afisa wa nyumba aliyasema hayo kwenye mkutano wa wapangaji, akasimama juu ya benchi ili wamwone. "Mashine haina shemeji," alisema, na watu wakampigia makofi. Binti alipanda ngazi mbiombio kumletea mama yake habari hiyo, na usiku ule wote wawili hawakulala mapema. Walipanga kitanda kitakaa wapi. Walipanga Mama Pasi ataweka kigoda chake mlangoni, awe anaona watu. Atakwenda kanisani kwa miguu yake, hata kama ni kwa kujivuta, kwa sababu kutoka geti hadi kanisani ni tambarare tupu.

Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka zaidi ya hapo.

Akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wakija kwake ghorofani kila Alhamisi. Binti aliwaomba, wiki ile, wamwombee mama yake apate chumba. Lakini mlezi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, alipopiga magoti mbele ya Mama Pasi na kuyaona yale magoti yaliyovimba, aliyashika kwa viganja vyake akasahau habari za chumba. Aliombea miguu. Alimwomba Mungu airudishie nguvu zake za zamani. Wenzake wakaitikia, na Mama Pasi akaitikia kwa sauti kuliko wote, machozi yakimtoka, maana hakuna mtu aliyeigusa miguu yake kwa upendo tangu mumewe alipofariki.

Upimaji ulifanyika kwenye ukumbi wa zahanati, ng'ambo ya barabara. Wazee walikuwa wameketi kwenye mabenchi ukutani, fimbo zao zimeegemezwa, wengine wakisinzia. Pembeni kabisa aliketi dereva mstaafu wa meneja wa shirika, amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vinavyong'aa, miguu ameinyoosha mbele. Alimwamkia Mama Pasi kwa kichwa. Walifahamiana kwa kuonana tu. Yeye alikaa jengo la pili, ghorofa ya kwanza.

Binti aliinama kama anayemfunga mama yake kitambaa cha kichwa vizuri.

"Mama, nakuomba. Usijikaze. Inuka kama unavyoinuka nyumbani."

"Nyumbani nakushika mkono."

"Basi leo mkono haupo. Ikishindikana, imeshindikana. Ndiyo tunachotaka waone."

"Nisimame nikiweza, nikae kama siwezi?"

"Usidanganye, Mama. Sijakwambia udanganye. Nimesema usijikaze."

Mama Pasi alitikisa kichwa kukubali, na alikubali kwa dhati. Tangu asubuhi alikuwa akijiambia hivyohivyo.

Mpimaji alikuwa msichana mwembamba mwenye macho yaliyochoka, na aliwashika wazee vizuri, kama anayeshika vyombo vya watu. Katikati ya ukumbi palikuwa na kiti kigumu kisicho na mikono, na chini yake kisanduku kidogo cheusi. Kutoka kwenye kisanduku ulitoka uzi wa chuma mwembamba, ambao aliufunga kwenye mkanda, na mkanda akaufunga kiunoni mwa Mama Pasi. Alimweleza kwamba mtu anapoinuka anauvuta ule uzi, na kisanduku kinajua umevutwa kwa kasi gani. Mama Pasi alimuuliza kwa nini kasi, na si kubeba mzigo.

"Kuna nguvu ya kubeba, bibi, na kuna nguvu ya kuwahi," msichana akasema. "Mtu anaweza kusimama kwenye foleni mpaka watu washangae, lakini akijikwaa, mguu hauwahi kumdaka. Wazee wengi wanaanguka kwa hilo. Hii inapima kuwahi."

Maelezo yale yalimpendeza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza kilichompata.

Alikunja mikono kifuani, kama alivyoelekezwa. Ataambiwa "sasa," naye atainuka haraka awezavyo. Ataambiwa hivyo mara tatu.

Mara ya kwanza makalio yaliachana na kiti kidogo tu, yakarudi kwa kishindo. Mara ya pili aliinuka nusu, magoti yakatetemeka, mikono ikafunguka yenyewe kutafuta pa kushika, na mpimaji akawahi kumkalisha. Binti, kwenye benchi, alifumba macho. Mtu asiyewajua angedhani anaona uchungu. Alikuwa anashukuru.

Wazee waliokuwa wanasinzia walikuwa wameamka, na mmoja wao alikuwa akiutikisa mguu wake mwenyewe polepole, kama anayemsaidia.

"Mara ya mwisho, bibi," mpimaji akasema, na kwa kuwa alikuwa msichana mwema, na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuwatia watu moyo, alisogea karibu na kuipaza sauti. "Kwa nguvu zako zote. Nataka nizione. Haya, sasa."

Mama Pasi alikuwa ameisikia sauti hiyo maisha yake yote.

Kabla hajapewa pasi, kabla hajapata hilo jina, alikuwa mbebaji kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Kazi yao ilikuwa ya mkataba wa mwaka. Kila mwaka ulipokwisha, msimamizi alisimama mlangoni na kuwaita mmoja mmoja. Mbele yake palikuwa na kapu la mashuka yaliyolowa, na mashuka yaliyolowa ni mazito kuliko mtu mzima. Mwanamke alichuchumaa, akalikumbatia kapu, msimamizi akasema "sasa." Aliyeinuka aliendelea na kazi. Aliyesita aliambiwa, kwa upole kabisa, aende nyumbani akapumzike. Mama Pasi alikuwa amewaona wenzake wakienda kupumzika. Mmoja wao alikuwa ndiyo kwanza ametoka kujifungua. Alijifunza hila moja tu, na aliitumia kila mwaka mpaka siku alipostaafu: kufumba macho, kusema moyoni "Bwana, mara hii tu," na kuinuka kabla mwili haujapata nafasi ya kubisha.

Hakukumbuka alichomwahidi binti yake. Hakukumbuka chumba. Alifumba macho, na midomo yake ikatikisika.

Akainuka.

Aliinuka mzima mzima, kwa mkupuo, uzi ukalia chini yake kama nyuki aliyebanwa. Alisimama wima katikati ya ukumbi, mikono bado kifuani, na kwa muda mfupi alihisi miguu yake iko chini yake, yote miwili, kama watoto walioitwa wakaja. Wazee wakapiga makofi. Mmoja alisema kwa nguvu kwamba Mungu yupo. Mpimaji alicheka kwa furaha, akapiga makofi naye.

Kisha magoti yakakatika. Binti alikuwa ameshafika, akamdaka kwapani, wakaketi chini wote wawili, sakafuni. Lakini hapo kisanduku kilikuwa kimeshamaliza kazi yake.

"Umeona?" Mama Pasi alimwambia, akihema, uso wote unang'aa. "Umeona, mwanangu?"

Binti alisema ameona.

Ijumaa, akitoka kiwandani alikokuwa akishona sare, binti alipitia ofisi ya shirika. Afisa wa nyumba alimpokea vizuri. Alimpa kiti. Alimwambia amshukuru Mungu, maana mama yake ana miguu ya msichana, na kwamba kati ya wazee wote waliopimwa ni wachache waliofikia pale. Binti alimweleza habari za mara ya kwanza na ya pili. Alimweleza habari za ngazi. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kinachohesabiwa ni jaribio la juu kuliko yote. Ndio utaratibu, na haukutungwa na yeye. Wangechukua la chini, kila mtu angejilegeza.

Akaongeza jambo kama anayempa zawadi: nguvu hugawanywa kwa uzito wa mtu, ili mnene na mwembamba wahukumiwe sawa. Mama yake hana mwili mkubwa. Hilo nalo limempandisha.

Binti alijua kwa nini mama yake hana mwili mkubwa. Alijua sahani inayofunikwa kila jioni na kuambiwa "mimi nimeshiba, kesho utachukua kazini." Hakulisema hilo pale. Aliuliza chumba amepewa nani. Afisa akasema dereva mstaafu, ambaye masikini hakuweza kuinuka hata mara moja.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amekaa kitandani, ameshavaa kitambaa kizuri, anasubiri. Alimwambia yote bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anayesoma. Mama Pasi alisikiliza. Alipapasa magoti yake.

"Umenikasirikia," alisema.

"Hapana."

"Umenikasirikia. Sema tu."

Binti alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena. "Mama, ni nani aliyekutuma? Mara mbili ulishakaa. Mara mbili. Ilikuwa imekwisha."

"Nilimwomba Mungu."

"Ulimwomba nini?"

"Nguvu."

Nje, chini, mtu alikuwa akikokota kitanda cha chuma kwenye sakafu ya saruji, na kelele zake zilipanda hadi ghorofa ya tatu.

"Niliomba, akanipa," Mama Pasi akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Sasa nimwambie nini? Nimwambie azichukue?"

Binti alienda kuwasha jiko, na alipouinamia moto alikaa hapo kitambo kirefu kuliko moto ulivyohitaji.

Jumapili alasiri mlango uligongwa. Akina mama wa sala hawakugonga hivyo. Wao walizoea kuimba tangu ngazini. Mama Pasi alikuwa peke yake, binti ameenda kufua. Aliita, mlango ukafunguka, na dereva mstaafu akaingia na mkate mikononi, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Alikuwa anahema kidogo tu.

Alikaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. Aliuliza habari za afya, akauliza habari za binti, akauliza kama paa linavuja. Mama Pasi alimjibu kila swali na kumsubiri. Hatimaye aliweka mkate mezani.

"Dada yangu, sikuja kwa ubaya."

"Karibu, kaka."

"Nimekuja kwa sababu sili. Chakula hakipiti." Aliinamisha kichwa. "Meneja mwenyewe alinipigia simu. Usiku wa kuamkia siku ile. Akaniambia, mzee, kesho ukiambiwa inuka, wewe tikisa kichwa tu. Usiinuke. Basi."

"Na hukuinuka."

"Mimi nimemwendesha yule mtu tangu nywele zake nyeusi. Akisema twende, naenda. Akisema ngoja, nangoja hata mpaka asubuhi, ndani ya gari. Amesema kaa. Ningefanyaje?"

Mama Pasi alimtazama. Aliona kwamba yule mtu anauliza kweli, na anangoja kuambiwa.

"Ngazi zimekuchosha?" alimuuliza.

"Kidogo."

Wote wawili walilisikia neno hilo. Dereva alijishika magoti, kama anayetaka kuyaficha.

"Kile chumba si chako wala si changu," alisema haraka. "Mwanawe meneja anaoa. Wanataka kuweka duka pale getini, mimi niwe nakaa mlangoni kama mwenye chumba. Nimekwambia ili ujue. Lakini ukisema nimesema, nitakana. Nisamehe, dada, nitakana mchana kweupe."

Hakulia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye angefarijika kulia. Alimwomba amwombee. Mama Pasi alikuwa na maneno mengine mdomoni, na yalikuwa ya moto. Aliyameza moja moja. Kisha akanyoosha mkono, akamwekea begani, akamwombea amani ya moyo na chakula kipite. Alipomaliza alimwambia ashuke akishika ukuta, kwa sababu vidato vya ghorofa ya pili vinateleza.

Akamsikiliza akishuka. Hatua zake zilikuwa za mpigo mmoja, mpaka chini.

Hakumwambia binti yake. Angemwambia, binti angeenda kupiga kelele ofisini, na kelele ofisini zingefika kiwandani, kwa kuwa mwenye shirika na mwenye kiwanda walikaa meza moja. Alichofanya ni kuwaza usiku ule juu ya yule msichana mpimaji. Alikuwa msichana mwema. Alimshika vizuri. Mtu wa namna ile ukimweleza, ataelewa. Atakwenda amwambie: mwanangu, kile ulichokiona siku ile hakikuwa changu, niliazimwa. Njoo unipime siku ya kawaida, sijaomba kitu. Hakutaka kumtaja dereva wala meneja. Alitaka tu apimwe yeye mwenyewe, miguu yake hii, ya kila siku.

Jumatatu binti alipotoka gizani kwenda kiwandani, Mama Pasi alijifunga kitambaa, akajivuta hadi mlangoni, akaanza kushuka.

Ghorofa ya tatu aliimaliza. Ya pili aliianza vizuri, akihesabu kwa maneno ya wimbo badala ya vidato. Ngazi zilikuwa tupu. Watu wamekwenda kazini, watoto shuleni. Alikuwa amefika pale zinapokunja kona ya mwisho aliposikia viatu vinapanda. Viatu vya ngozi, vya mtu mwenye heshima zake. Alijitazama: gauni limelowa, miguu imetandazwa, mwanamke mzima ameketi njiani kama ombaomba.

Hakutaka kukutwa hivyo. Alishika chuma cha ukuta, akajivuta, akasimama. Aliweza. Mtu mwenye viatu alikuwa mkusanya kodi. Alimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni, naye akaitikia marahaba, kichwa juu, mgongo umenyooka, mpaka akapita. Ndipo Mama Pasi alipogeuka ili akae tena, na kisigino kikateleza. Kidogo tu. Mtu mwingine angejidaka bila hata kujua kwamba ameteleza.

Mguu haukuwahi.

Fundi Redio ndiye aliyemkuta, chini ya kona ya mwisho, kitambaa kimetoka kichwani. Alikuwa hai, na alikuwa akimwomba radhi kwa usumbufu. Alimbeba hadi zahanati mgongoni, mbio, akimtukana mtu ambaye hakumtaja jina. Mpimaji hakuwepo, alikuwa amehamia mtaa mwingine na kisanduku chake. Wahudumu waliangalia mkono, waliangalia nyonga. Hakuna kilichovunjika, walisema, lakini nyonga imepata mshtuko, na hapaswi kushuka ngazi kwa muda mrefu. Fundi Redio aliuliza, kama ni hivyo, arudishwe kwa njia gani ghorofa ya tatu. Wakasema hilo si la zahanati.

Alirudishwa kwa kiti, na safari hii hakuna aliyefanya mzaha.

Afisa wa nyumba alikuja kesho yake jioni, mwavuli unachuruzika. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, akampa pole, akamwambia habari zimefika hadi kwa meneja na meneja amesikitika sana. Binti alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimkanda mama yake mkono kwa maji ya moto. Fundi Redio alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekuja kuleta dawa ya kuchua, akaona afisa anapanda, akaamua kutoondoka.

"Nipimeni sasa," Mama Pasi akasema.

"Sasa, bibi?"

"Hapahapa. Kiti kile pale. Niambie inuka."

Afisa alitabasamu kwa huruma. "Sasa umeumia. Kipimo cha mtu aliyeumia si kipimo. Na mashine haipo. Itarudi mwakani, Mungu akipenda, utakuwa wa kwanza kwenye foleni."

"Mwakani chumba kitakuwepo?" binti aliuliza, bila kuinua macho.

"Hilo hatuwezi kulijua leo."

"Na yule aliyenacho, amelala humo hata siku moja? Mbona getini kuna mafundi wanatoboa dirisha la kuuzia?"

"Dada, mimi sikuja kwa ajili ya getini." Afisa aliuhamisha mwavuli mkono wa pili. "Nimekuja kwa ajili ya ngazi. Tuelewane. Shirika limempima mama, kipimo kimesema miguu yake ni mizima. Sasa miguu mizima ikianguka kwenye ngazi zetu, watu watauliza ngazi zina nini. Unaona inavyokuwa? Meneja hataki lawama. Amesema, kama mama atashuka tena peke yake akaanguka, itabidi tuangalie kama jengo hili linamfaa. Itabidi ahame."

"Ahamie wapi?" Fundi Redio aliuliza kutoka kwenye ndoo.

"Hilo litakuwa ni la familia."

Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa. Binti aliendelea kuchovya kitambaa, kukamua, kuchovya.

"Kwa hiyo mnataka nini?" aliuliza.

"Kitu kidogo sana. Mama aahidi kwamba hatashuka ngazi bila mtu wa kumshika. Basi. Ni kwa usalama wake."

"Mimi natoka gizani, narudi gizani. Nani atamshika?"

"Majirani wapo. Si mnaishi kama ndugu humu?"

"Majirani tunatafuta riziki," Fundi Redio akasema. "Kumshusha nitamshusha nikiwepo. Kila siku sipo. Usinigeuze mimi kuwa chumba cha chini."

"Basi akiwa hayupo mtu, mama atapumzika ndani," afisa akasema. "Kuna ubaya gani mtu mzima akipumzika?"

Mama Pasi alikuwa akimtazama alivyosimama pale mlangoni. Alisikia neno hilo, kupumzika, na vidole vyake vikaachia kitambaa cha kukandia.

Binti alisema waandikiwe karatasi, wakaisome kwanza, wakamwonyeshe mtu. Afisa akatikisa kichwa. Karatasi zinapotea, alisema. Karatasi watu wanasema hawakuisoma. Alitaka mama aseme kwa mdomo wake, mbele yao wawili, wasikie, siku ikifika waulizwe. Nyuma yake, ngazini, majirani wawili watatu walikuwa wamesimama na ndoo zao. Aliwageukia, akawaambia wasogee, nao ni mashahidi.

"Mama, usiseme kitu," binti akamwambia.

"Nisiposema, tutahama twende wapi?"

"Usiseme, Mama."

Lakini Mama Pasi alikuwa ameshajiweka sawa kitandani. Aliomba kitambaa chake cha kichwa, akajifunga kwa mkono mmoja ulio mzima. Alikunja mikono kifuani. Binti alipoona midomo yake inaanza kutikisika na macho yamefumbwa, alielewa kinachokuja, akamshika bega.

"Sema tu unaahidi. Usimtaje Yeye. Mama, nakuomba, usimwingize Mungu."

Alijua kwamba ahadi ya kawaida ingeweza kupindishwa. Siku ya jua, siku ya Jumapili, mtu angejisahau kidogo, akateremka. Ile nyingine mama yake hakuwahi kuivunja maishani mwake.

"Mimi ahadi nyingine siijui," Mama Pasi akasema. Akafumbua macho, akamtazama afisa, akawatazama wale wa mlangoni. "Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote. Ngazi hizi sitazishuka pasipo mtu wa kunishika. Nitakaa humu ndani."

Afisa alishukuru. Kisha akawauliza wale waliosimama nyuma kama wamesikia, na mwanamke mmoja mwenye ndoo akasema hapana, hakusikia vizuri, maji yalikuwa yanadondoka.

"Bibi, samahani," afisa akasema. "Mara nyingine tena. Kwa nguvu zako zote."

Mama Pasi akavuta pumzi.

"Naahidi," akasema, kwa sauti iliyofika hadi chini, getini. "Nitakaa humu ndani."